Malori Matatu Kati ya Matano

Tairi la mbele la kulia lilipasuka nikitoka Sanya Juu na magunia ya mahindi, kwenye mteremko wa kwenda Boma Ng'ombe, saa nne asubuhi, jua limeshatoka na barabara kavu. Nayataja haya kwa sababu baadaye nilisingiziwa ukungu, nikasingiziwa mwendo kasi, nikasingiziwa usingizi. Ukungu haukuwepo. Mwendo ulikuwa wa lori lililobeba. Usingizi nilikuwa nimeumaliza wote nyumbani kwangu, mtaa wa Pasua, Moshi.

Tairi la mbele likipasuka, mguu unataka kukanyaga breki wenyewe. Ukiuruhusu, lori linageuka na kulala. Unachotakiwa kufanya ni kuachia mafuta, kushika usukani kwa nguvu zako zote, na kuliacha gari lipungue lenyewe mpaka litakapokubali kurudishwa gia. Hayo nilifundishwa nikiwa kijana, kwenye mashamba ya miwa kusini mwa mji. Huko ndiko nilikozaliwa, maana baba alitoka Singida kuja kukata miwa na hakurudi tena kwao. Aliyenifundisha alikuwa dereva wa matrekta ya kuvuta miwa, mtu mkali, na siku ile nilimshukuru kimoyomoyo.

Lori lilivuta kulia, upande wa magari yanayopanda. Lilivuka barabara nzima, likaingiza magurudumu ya mbele kwenye mtaro wa upande wa pili, likazimika.

Utingo wangu alikuwa mzee wa Kichagga aliyenizidi miaka ishirini. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kwanza, ndipo nimwambie apandishe turubai. Sasa alikuwa ameshika rozari yake kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

"Tumesimama?" akaniuliza.

"Tumesimama, mzee."

"Upande gani wa barabara?"

"Upande usio wetu."

Akafumbua macho. Tulikuwa hata hatujafungua milango vizuri basi la abiria lilipopita likipanda, limejaa, watoto wamebandika nyuso kwenye vioo. Lilipita palepale tulipokuwa tumekatiza. Dereva wake alitupigia honi ya kutupa pole akaendelea na safari zake.

Watu wengi wangesema tulikuwa na bahati. Mimi bahati ile iliniudhi. Nilikuwa na miaka kumi na minne kwenye usukani, naijua kazi yangu, halafu maisha yangu na ya watoto wale yamebaki mikononi mwa dakika moja ambayo si mimi niliyeipanga. Nilichuchumaa nikaingiza mkono ndani ya tairi lililochanika. Vidole vyangu vikagusa kiraka: kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa na kupachikwa ndani kuziba tundu kubwa ubavuni. Nje lilikuwa limesuguliwa na kupakwa rangi nyeusi. Siku tatu kabla, nilipokuwa nyumbani nimelala na homa, tairi langu zuri la mbele lilivuliwa likapelekwa kwenye lori lingine, nikafungiwa hili. Niliporudi kazini niliambiwa ni jipya.

Mzee utingo aliinama akatazama.

"Hili hata nyuma ni dhambi kulifunga," akasema.

Tulifunga tairi la akiba, ambalo nalo lilikuwa kipara, tukasaidiwa na trekta la mkulima mmoja kutoka kwenye mtaro, tukashuka Moshi taratibu.

Inabidi nieleze yadi yetu ilivyokuwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mwenye malori, mtu wa Marangu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliacha malori matano ya magurudumu sita na madereva watano, na kila dereva alikuwa amekabidhiwa ufunguo na yeye mwenyewe, mkono kwa mkono. Mjane wake alikuwa juu kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kahawa na migomba yake, hajawahi kushuka yadini. Kazi zote zilishikwa na mdogo wa marehemu. Sisi tulimwita bosi mdogo, akiwa hayupo.

Alinipokea getini. Aliliangalia lori, akaliangalia tairi, akaniangalia mimi.

"Umefunga breki vibaya," akasema.

"Sikufunga breki kabisa. Ndiyo maana unaniona."

"Kesho unarudi Sanya Juu. Mahindi yako kule yanasubiri."

"Nikipata matairi mawili mazima ya mbele, nitarudi."

"Matairi unayazaa wewe?" Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Madereva wamejaa stendi wanatafuta kazi."

Nilikuwa nimeushika ufunguo mkononi. Nikautia mfukoni.

"Huu alinipa kaka yako. Nitaurudisha nyumbani kwake."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na wenzangu wote wanne walikuwepo wanasikia. Hakuna aliyenitetea. Sikuwalaumu, kila mmoja alikuwa na nyumba ya kulisha.

Asubuhi yake nilipata lifti ya pikapu mpaka Marangu Mtoni, kutoka hapo nikapanda kwa miguu. Nilimkuta mama, yule mjane, amevaa gambuti, anakatakata migomba kwa panga kuwapa ng'ombe zizini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye mikono ya kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na gari?"

"Nimekuja na ufunguo."

Akaweka panga chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Nani yuko hospitali?"

"Hakuna."

"Basi kaa ule kwanza. Habari isiyo na maiti inaweza kusubiri mtori."

Nilikula ule mtori wa moto, ndizi na nyama zimepondwa pamoja, yeye akiwa amekaa mbele yangu kwenye kigoda anasubiri nimalize. Halafu nikamweleza yote. Nilimweleza tairi, kiraka, basi lile na watoto. Sikumsema vibaya shemeji yake. Niliona kwamba mambo yenyewe yanatosha.

Hakulia wala hakushangaa. Aliniuliza maswali.

"Tairi zuri unalijuaje?"

"Unaangalia kashata zake, yale maumbo yanayokanyaga barabara, kama bado zina kina. Unapapasa ubavuni kama kuna mpasuko au uvimbe. Unaligonga kwa chuma. Lenye upepo wa kutosha linakirudisha chuma mkononi, lililolegea linakimeza."

"Na mtu akikuambia ni jipya na si jipya?"

"Ukilivua, unaingiza mkono ndani."

"Mimi naweza?"

"Mwenye mikono anaweza, mama."

Ng'ombe mmoja alikuwa anapiga kelele zizini, akamkemea kwa Kichagga, ng'ombe akanyamaza.

"Marehemu aliniachia ng'ombe watano na malori matano," akasema. "Ng'ombe nawaona kila siku nikiamka. Malori sijawahi hata kuyazunguka. Kosa hilo ni langu, si la shemeji." Akanirudishia ufunguo ambao nilikuwa nimeuweka juu ya meza. "Jumatatu nashuka."

Alishuka kweli, na gambuti zake. Bosi mdogo alimletea kiti, akakikataa. Alisema anataka magurudumu yote yafunguliwe, ya malori yote, na yapangwe chini. Ilituchukua siku nzima. Mimi na mzee utingo ndio tuliokuwa tunamwonyesha. Mwanzoni alipapasa kama mtu anayeogopa kuchafuka, lakini kufika mchana alikuwa ameshachafuka mpaka viwiko na ameacha kuuliza. Aliingiza mkono, alizungusha, akatoa hukumu. Wakati mwingine alisema "hapana" kabla yangu, nami nikirudia kulipapasa naona ni kweli hapana.

Tulifanya mafungu matatu: yanayofaa mbele, yanayofaa nyuma, na yasiyofaa kutoka getini. Fungu la tatu ndilo lililokuwa kubwa. Madereva wenzangu, ambao asubuhi walikuwa wananitazama kwa jicho la pembeni, walianza kuja mmojammoja kuliangalia. Kila mmoja alilitambua tairi alilotembelea wiki iliyopita. Mmoja alikaa chini kabisa.

Mama alihesabu mafungu mawili ya kwanza mara mbili.

"Haya yanavalisha malori mangapi?"

"Matatu, mama, na ya akiba."

"Basi tuna malori matatu. Hayo mengine mawili tulikuwa tunajidanganya."

Bosi mdogo akaruka. Alisema msimu wa kahawa unakaribia, wanunuzi binafsi wameingia vijijini, kila mtu anatafuta usafiri, na sisi ndio tunaegesha magari. Alisema tutachekwa mji mzima. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tutachekwa," akakubali.

Jioni ile, kabla jua halijazama, bosi mdogo alikuja akakaa juu ya fungu la tatu, karibu na nilipokuwa nanawa mikono kwa mafuta ya taa. Nilijua amekuja kunitukana. Badala yake alianza kuongea taratibu, na nadhani hakuwa akiongea na mimi hasa. Alisema yeye alianza kazi ya malori miaka ile ambayo tairi jipya lilitafutwa kwa kibali, unaandika barua, unasubiri miezi, unapewa moja wakati unahitaji sita. Walishona matairi kwa waya. Walipachika viraka juu ya viraka. Aliyeweza kulifikisha lori Dar es Salaam na kulirudisha kwa matairi kama yale alisifiwa, na yeye alikuwa hodari kuliko wote.

"Kaka alikuwa akiniita daktari," akasema.

"Lakini sasa matairi yapo madukani, bosi."

"Yapo," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye alikuwa ameyaona kila siku bila kuyaona. Akainuka akaenda zake. Kuanzia siku ile sikumwona tena kuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa shida, na shida yenyewe ilikuwa imeshahama.

Asubuhi iliyofuata mama alituita wote. Malori mawili ya kuegeshwa yalikuwa yameshachaguliwa: langu, na la dereva mmoja ambaye alikuwa jirani yangu Pasua, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Madereva wanne watazunguka kwenye malori matatu, kila wiki mmoja anabaki yadini kusaidia ukarabati.

"Wa tano ni wewe," akaniambia. "Wewe huendeshi tena. Kazi yako ni kuyakagua magari kila asubuhi na kusema lipi litoke na lipi lisitoke."

Sikulipenda neno lile hata kidogo. Nilikuwa dereva. Nilipenda kupanda na lori lililojaa nikisikia injini inavyojibu mguu wangu, nilipenda kusimama Himo nikanywa chai kwenye duka ambalo wananijua. Mtu wa kubaki yadini na chuma mkononi sikuwahi kumwona mtu. Lakini niliwatazama wenzangu nikaona kwamba kati yetu watano, aliyekuwa tayari kusema hapana na kusimama nalo ni mimi. Hilo nilikuwa na hakika nalo.

"Nina sharti moja, mama."

"Sema."

"Nikisema lori halitoki, lisitoke. Asinibadilishie mtu. Hata wewe."

Bosi mdogo alicheka kwa mshangao. Mama alifikiri, kisha akasema mbele ya wote, "Hata mimi."

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kuchukiwa. Jirani yangu aliacha kunisalimia. Mke wake, aliyekuwa akiuza nyanya na vitunguu mlangoni, alianza kumpa mke wangu nyanya zilizobonyea, na mke wangu alizileta ndani akaziweka mezani mbele yangu. Mjini walituita yadi ya kuegesha. Ndugu mmoja wa marehemu alisema kwenye pombe ya mbege kwamba mali ya ukoo imekabidhiwa kwa chasaka, neno lao la kumwita mtu wa kuja asiye Mchagga. Neno lilinifikia. Nikaendelea kugonga matairi.

Nilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilizunguka kila lori mara mbili, mara ya kwanza nikigonga, mara ya pili nikipapasa. Niliangalia nati, springi na mabomba ya breki. Bosi mdogo naye mama alikuwa amempa kazi ya kutafuta matairi, maana alijua kila muuzaji kuanzia Arusha mpaka Namanga, na ni kweli hakuna aliyemshinda. Ila kila alilolileta lilipita mkononi mwangu kabla ya kufungwa. Matairi mawili ya kwanza niliyakataa. La tatu na la nne yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuona, nikamwambia hivyo, akageuza uso ili nisione amefurahi.

Halafu nikakosea.

Lilikuwa lori lililoshuka na kahawa kutoka vijiji vya juu ya Marangu, na dereva wa zamu alikuwa yule jirani yangu. Kwenye mteremko, kabla ya kufika Himo, tairi la nyuma la ndani lilipasuka. La nje lilishika mzigo, akashuka pole pole, akabadilisha, akafika Moshi mchana mzigo wote ukiwa salama. Alipofika hakwenda kunawa. Alilivingirisha lile tairi kutoka kwenye lori mpaka miguuni pangu, na watu wote wa yadi wakaacha kazi zao.

"Hili ulilipitisha wewe," akasema. "Asubuhi hii hii. Uliligonga ukaniambia nenda."

Niliinama nikaingiza mkono. Ndani halikuwa na kiraka. Ubavu wa upande wa pili, unaotazamana na tairi la nje, ulikuwa umekatwa kidogo kidogo na jiwe lililokuwa limebanwa katikati ya matairi yale mawili, labda kwa wiki nzima. Mimi nilikuwa nikigonga kutokea nje. Katikati nilikuwa sijawahi kupeleka mkono.

Nilinyanyuka.

"Nililipitisha mimi," nikasema. "Nimekosea. Wewe ndiye uliyelifikisha gari."

Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima hayakuwa na pa kwenda. Mzee utingo, aliyekuwa naye safari ile, akakohoa.

"Sasa je?" jirani yangu akauliza mwishowe.

"Sasa kuanzia kesho naingia chini."

Kesho yake nilikuja na ovaroli na nondo niliyoichonga ncha bapa ya kuchokonolea mawe. Nilikuwa chini ya lori la pili, nimelala chali kwenye kipande cha boksi, nilipoona miguu ya mtu, halafu magoti, halafu mtu mzima akijisukuma kuingia upande wa pili. Alikuwa ni yeye. Wiki yake ya kubaki yadini ilikuwa imeanza siku hiyo.

"Nionyeshe," akasema.

Tulitoa mawe matatu na kipande cha nondo ya ujenzi. Kufika mwisho wa wiki alikuwa akikagua haraka kuliko mimi, kwa sababu mikono yake ilikuwa miembamba. Nyanya zikarudi kuwa nzima.

Mtihani uliobaki aliuleta mama mwenyewe, na sikuutegemea.

Parokia yao ya Kikatoliki ilikuwa inaezeka kanisa, na Jumapili walikuwa wanatarajia ugeni mkubwa. Ijumaa asubuhi mama alifika yadini na wazee wawili wa kanisa, wamevaa makoti. Mabati na mbao zilikuwa mjini zinasubiri kupelekwa juu. Malori mawili yalikuwa safarini. La tatu lilikuwepo, lakini tairi lake moja la mbele lilikuwa limetoa uvimbe ubavuni, mkubwa wa ngumi, na lingine la kulibadilisha lilikuwa linakuja Jumatatu. Matairi ya akiba tuliyokuwa nayo yalikuwa ya nyuma.

"Nipe gari," mama akasema.

"Halitoki, mama."

Nilimwonyesha uvimbe. Aliugusa. Alijua maana yake, maana nilimfundisha mwenyewe.

"Ni safari moja tu. Kupanda, si kushuka na mzigo."

"Litashuka tupu, mama, lakini litashuka. Na lina mtu ndani."

Mzee mmoja wa kanisa akaingilia. "Kijana, huu ni mzigo wa Mungu."

"Najua, mzee. Tairi halijui."

"Wewe unasali wapi?"

"Mimi ni Mlutheri, mzee."

"Ndiyo maana," akasema mwenzake.

Mama hakucheka. Uso wake ulikuwa umekaza. Alikuwa amewaahidi wazee wale mbele ya waumini, na sasa amesimama kwenye yadi yake mwenyewe anaambiwa hapana na mtu ambaye yeye ndiye anayemlipa mshahara. Bosi mdogo, madereva, fundi wa kuchomelea, wote walikuwa wametuzunguka wakijifanya wana shughuli. Akageuka akaondoka bila kuniaga.

Walikodi lori la mtu mwingine. Ningependa kusema kwamba lori lile lilipata ajali, au angalau lilipasukiwa tairi njiani, ionekane nilikuwa na haki. Halikupata chochote. Lilipanda na mabati, likashusha, likarudi salama, na nililiona kwa macho yangu likipita mbele ya geti letu, dereva wake akinipungia mkono. Matairi yake ya mbele yalikuwa kipara yote mawili.

Jumamosi na Jumapili nilikaa nyumbani nikimwambia mke wangu ajiandae, huenda nimefukuzwa.

"Kwani gari lilikuwa bovu?" akaniuliza.

"Lilikuwa bovu."

"Basi kula."

Nilikula, na ajabu ni kwamba nililala vizuri. Nilikuwa na wasiwasi wa kazi lakini sikuwa na wasiwasi wa lile tairi. Kama angerudi Jumatatu akaniuliza tena, ningemjibu vilevile, na kulijua hilo kulinituliza.

Jumatatu mama alikuja mapema kuliko mimi. Nilimkuta amesimama karibu na lile lori, amevaa gambuti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulinikatalia mbele ya watu."

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya wazee wangu wa kanisa, na mbele ya madereva wote."

"Ndiyo, mama."

Halafu akasema, "Niambie sasa, katika yadi hii kuna mtu gani tena atakayethubutu kukubishia?"

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Nilitazama kule walikokuwa madereva, wanasubiri ukaguzi wao wa asubuhi kimya, na nikaona kwamba alikuwa amesema kweli.

"Nilikasirika," akaongeza. "Na bado nimekasirika kidogo. Tairi linakuja saa ngapi?"

"Saa tatu, mama."

"Nitalisubiri. Nataka kuingiza mkono mimi kwanza."

Msimu ule wa kahawa malori yetu matatu yalimaliza bila kulala njiani hata siku moja. Wanunuzi walianza kutuita sisi kabla ya wenye malori mengi, maana waliona kwamba gari letu likiahidiwa saa nane linafika saa nane. Msimu uliofuata lori la nne lilivalishwa matairi mapya matupu, yote sita na la akiba, na bosi mdogo ndiye aliyeyanunua. Aliyapanga ukutani kwanza yapigwe picha. La tano halikupona. Tulilivua springi, gia boksi na milango, na mabaki yake kuku wa mlinzi walitagia humo kwa miaka.

Mzee utingo alistaafu akarudi kihambani kwake. Alininunulia tochi ndogo ya kichwani, akasema ni ya kuonea yale mawe ya katikati, na kwamba asingependa kusikia nimeanza tena kukagua kwa masikio peke yake.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mama alikuwa amechoka kushuka na kupanda, na watoto wake walikuwa na kazi zao mbali. Aliyauza malori yale manne. Mnunuzi alitaka kuyajaribu barabarani, mama akamwambia aanze kwa kuingiza mkono kwenye matairi. Baada ya hapo niliitwa na kampuni moja ya usafirishaji iliyokuwa na malori mengi, mengine ya kwenda nchi za jirani. Meneja wao alikuwa kijana aliyesoma, mwenye simu mbili mezani. Nilimweleza sharti langu lile lile. Alinicheka, akasema hakuna mkaguzi anayepewa madaraka hayo.

"Basi hunihitaji," nikamwambia, nikainuka.

Nilikuwa nimefika getini aliponifuata mbio, simu moja bado iko sikioni.

Siku ya kwanza ya kazi nilifika na ovaroli yangu mwenyewe. Walikuwa na malori kumi na mawili uani, madereva wamesimama pembeni mikono mifukoni, wananipima. Niliwaamkia wakubwa, nikawasalimia vijana, nikatandika boksi langu chini ya lori la kwanza. Kufika saa nne nilikuwa nimesimamisha manne, na hakuna aliyeniuliza kwa nini, kwa sababu kila tairi nililolikataa nililivua nikamwita dereva wake aingize mkono.